Nani Alipie Uzee wa Mama? Safari ndefu ya deni la mzazi hadi Keshero

Keshero ni kartie ya magharibi ya mji wa Goma, baina ya Himbi na Lac Vert, na Ziwa Kivu liko chini yake. Ardhi ni mawe meusi ya volkano. Nyumba za mbao zimepakana na nyumba za ghorofa zenye kuta ndefu, na magari yaendayo Sake hupita karibu. Hospitali iliyopo hapo, ambayo jina lake huandikwa Kyeshero, inajulikana mji mzima, kwa kuwa shirika la MSF limekuwa likiisaidia kwa miaka mingi.

Katika mtaa kama huu, ugomvi juu ya gharama za mzee huanza kwa upole. Mama amevunjika nyonga, au presha imemwangusha. Amelazwa majuma mawili na sasa anatoka, ila hawezi tena kukaa peke yake. Jamaa inaitwa kikaoni. Mezani kuna fakture ya hospitali, dawa za kila mwezi, nepi za watu wazima, na mshahara wa msichana atakayemwosha na kumpikia. Mtoto wa kwanza anasema hesabu ni rahisi: tuko watano, tugawe kwa tano. Dada anayelala chumba kimoja na mama anauliza usiku wake ni dola ngapi. Simu imewekwa katikati, sauti imefunguliwa, na kaka aliye Brussels anataka kujua pesa alizotuma mwezi uliopita zilikwenda wapi. Kila mmoja ana hakika kwamba yeye ndiye aliyebeba zaidi. Wahenga walishasema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ulaya ugomvi kama huu huwa na anwani: nyumba ya wazee yenye ofisi, mhasibu na bili ya kila mwisho wa mwezi. Goma, kumlipia mzazi nafasi katika nyumba ya namna hiyo hakujawa desturi. Nyumba za wazee zilizopo Kongo, kama Hospice Saint-Pierre ya Kinshasa, zimejulikana zaidi kama kimbilio la waliokosa watu kuliko huduma ya kununuliwa. Mzee wa Keshero anatunzwa ndani ya jamaa, na gharama zake huja vipande vipande, leo dawa, kesho kodi. Lakini maswali ni yale yale. Nani anadaiwa? Anadaiwa kiasi gani? Na nani ana haki ya kumdai? Majibu yaliyomo katika sheria ya Kongo yana zaidi ya miaka 200, na yamepita Paris, Brussels na Boma kabla ya kufika kwenye meza ya kikao.

Mzee aliyeshika shamba

Katika jamii za wakulima na wafugaji zilizozunguka Ziwa Kivu na milima ya Masisi, uzee haukulipiwa kwa fedha. Mali ilikuwa shamba, mifugo na nguvu za watu, na kwa sehemu kubwa vitu hivyo vilikuwa mikononi mwa wakubwa. Kijana aliyetaka kuoa alihitaji mahari kutoka kwa baba na baba wadogo. Aliyetaka kulima alihitaji kuonyeshwa mpaka wake. Mzee alikuwa na kitu ambacho vijana walikihitaji, na matunzo yake yalikuwa sehemu ya mapatano hayo ambayo hakuna aliyeyaandika.

Kazi yenyewe ya kumtunza iliwaangukia wanawake: mke wa mwana, binti aliyerudi nyumbani, mjukuu aliyetumwa kuishi na bibi ili amchotee maji. Haikuitwa gharama kwa sababu hakuna aliyeilipa. Hapo ndipo lilipozaliwa jambo linalosumbua vikao hadi leo, kwamba fedha huonekana na jasho halionekani.

Wala isidhaniwe kwamba kila mzee alikuwa salama. Mjane asiye na mtoto hakuwa na wa kumdai. Bibi kikongwe aliyebaki peke yake aliweza kuambiwa ni mchawi, na tuhuma za namna hiyo bado zinaua wanawake wazee katika Kivu. Desturi ililinda vizuri mzee mwenye watu na mwenye kitu cha kugawa. Aliyekosa vyote viwili aliishi kwa huruma.

Kanuni kutoka Paris

Tarehe 21 Machi 1804, Ufaransa ya Napoleon ilitangaza kanuni moja ya sheria za raia. Ndani yake, katika sehemu ya ndoa, kulikuwa na vifungu vichache vilivyohusu chakula na matunzo. Kifungu cha 205 kiliwaamuru watoto kuwatunza baba, mama na mababu walio katika shida. Kifungu cha 206 kiliwaongeza wakwe, na cha 207 kikafanya wajibu huo uende pande zote mbili, hivyo mzazi naye hudaiwa na mtoto.

Kifungu cha 208 ndicho kilichoweka kipimo. Matunzo hupimwa kwa mambo mawili yanayotazamwa pamoja: haja ya anayeomba na uwezo wa anayedaiwa. Hakikutaja mafungu yaliyo sawa. Watoto watano wenye uwezo tofauti wanatoa viwango vitano tofauti, na asiye na kitu hawezi kukamuliwa. Cha 210 kilimfikiria hata yule asiye na fedha lakini mwenye dari: akithibitisha kwamba hawezi kulipa, mahakama inaweza kuamuru ampokee mzazi nyumbani kwake, amlishe na kumtunza. Kwa maneno mengine, watunga sheria wa 1804 walikubali kwamba kuishi na mzee ni namna ya kulipa.

Wakati huo Ubelgiji ilikuwa chini ya Ufaransa, na ilipopata uhuru mwaka 1830 ilibaki na kanuni hiyo. Mfalme wake Leopold II alipojitwalia Kongo, watu wake walioketi Boma, penye mdomo wa mto, walihitaji sheria. Amri ya tarehe 4 Mei 1895 ikaleta kitabu kinachohusu watu, ndoa na jamaa, kwa mfano wa kanuni ya Ubelgiji. Hivyo basi, wazo la Paris kuhusu deni la mzazi liliingia Kongo kabla ya mji wa Goma kuwapo.

Lakini halikuwahusu wote. Kitabu kile kilikuwa cha Wazungu na Waafrika wachache walioandikishwa rasmi chini ya sheria za raia. Wengine wote waliachwa chini ya desturi, na amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ikapanga mahakama za wenyeji ambamo machifu na wazee waliamua kesi za ndoa, mahari na urithi. Hata baada ya vita kuu ya pili, wasomi walioitwa évolués walipoanza kupewa kadi ya sifa ya uraia mwaka 1948 na kisha uandikishaji mpya wa 1952, waliofaulu kuvuka mstari huo walikuwa wachache mno. Katika nchi moja, mzazi wa karani aliyeandikishwa na mzazi wa mkulima wa Masisi walidai watoto wao mbele ya mahakama tofauti kwa sheria tofauti.

Mshahara na ahadi ya pensheni

Wakati sheria ikigawa watu, uchumi ulikuwa ukiwachanganya. Comité National du Kivu iliundwa mwaka 1928 na kupewa eneo kubwa la ardhi. Mashamba ya kahawa, chai na pareto yakapanda milimani. Walowezi walihitaji wafanyakazi, na kuanzia 1937 hadi 1955 serikali iliendesha mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda kwenda Masisi na sehemu za jirani. Goma, kituo kidogo cha mpakani kilichotazamana na Gisenyi, kikawa mji wa makarani, madereva, mafundi na wapagazi.

Mtu anayelipwa mshahara huzeeka tofauti na mtu anayemiliki shamba. Nguvu zikimwisha, hana cha kuwagawia watoto. Kwa muda mrefu utawala wa Kibelgiji ulilikwepa swali hilo kwa kudhani kwamba mfanyakazi mzee angerudi kijijini na kijiji kingemlea. Kwa hesabu hiyo kampuni ilitumia miaka yake ya nguvu, na bili ya uzee ikapelekwa kwa wakwe na wajukuu waliobaki kulima.

Dhana hiyo ilianza kubadilika tarehe 6 Juni 1956, amri ya pensheni kwa wafanyakazi wa Kongo ilipotolewa. Miaka mitano baadaye, uhuru ukiwa umepatikana, amri ya tarehe 29 Juni 1961 iliunganisha mifuko iliyokuwapo na kuunda INSS, taasisi ya taifa ya akiba ya jamii. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa Goma aliweza kufikiri kwamba siku moja mtu asiye wa ukoo wake angemlipa kwa sababu alikuwa amechangia.

Kwa muda ahadi hiyo ilikuwa na uzito. Zaire, sarafu mpya iliyotoka mwaka 1967, ilianza ikiwa na thamani ya dola 2. Halafu mambo yakaharibika hatua kwa hatua. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwanyang'anya wageni mashamba na biashara na kuwapa Wazaire (nchi nayo iliitwa Zaire wakati huo) aliowachagua, na mengi kati ya mashamba hayo yalidorora. Bei zikapanda mwaka hadi mwaka. Mwezi Septemba 1991, na tena Januari 1993, wanajeshi wenye njaa waliongoza uporaji mijini. Mwaka huo huo wa 1993 zaire mpya ilitolewa kuchukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Ilipofika 1998, faranga ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000.

Tuchukue mtu aliyestaafu mwaka 1980. Pensheni yake ilihesabiwa kwa mishahara ya miaka ya 1970. Kila sarafu ilipobadilishwa, sifuri zilifutwa kwenye karatasi na chakula kikafutwa kwenye sahani. Mzee yule hakufanya kosa lolote. Alichangia, akangoja, akafika. Mfuko ulipobaki na jina tu, deni lake lilirudi kwa watoto wake, ambao nao walikuwa wakiishi katika uchumi ule ule uliovunjika.

Kanuni ya jamaa

Katikati ya kuporomoka huko, bunge la Zaire lilifanya kazi iliyodumu kuliko sarafu zote zile. Tarehe 1 Agosti 1987 ilitiwa sahihi Kanuni ya Jamaa, sheria namba 87-010, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1988. Ilikusudiwa kuondoa ule mstari wa kikoloni: sheria moja kwa Wazaire wote, ikichukua kitu kutoka kwenye kanuni ya zamani na kitu kutoka kwenye desturi. Wajibu wa matunzo kati ya ndugu ukapewa nafasi yake, na kipimo kikabaki kile kile cha haja na uwezo.

Jambo lililogusa zaidi maisha ya Goma liko katika sehemu ya urithi. Kifungu cha 765 kinaorodhesha watu wasiostahili kurithi. Yumo aliyemuua marehemu kwa makusudi, kama mtu anavyotegemea. Lakini yumo pia aliyevunja uhusiano na marehemu kwa hiari yake wakati wa uhai wake, jambo linalopaswa kuthibitishwa mahakamani baada ya baraza la jamaa kusikilizwa. Na yumo aliyekataa kwa makusudi kumtunza marehemu katika ugonjwa wake wa mwisho, ilhali sheria au desturi ilimtaka afanye hivyo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuondolewa kwenye urithi.

Hapo matunzo yakaunganishwa na parseli. Katika Goma, kiwanja chenye nyumba ndiyo mali kubwa ambayo jamaa nyingi zinayo. Anayemhudumia mama mwaka wa tatu na anayepiga simu mara moja kwa msimu wanajua kwamba siku moja watakaa mezani kwa ajili ya parseli hiyo. Kila risiti ya dawa inawekwa kwenye bahasha. Mgogoro wa fakture mara nyingi ni mgogoro wa urithi uliokuja mapema, mwenye mali akiwa bado anapumua chumba cha pili.

Kanuni ile ile iliwapa watoto wote wa marehemu fungu sawa, wa kiume na wa kike, ingawa desturi nyingi za Kivu ziliwaweka mabinti nje ya ardhi. Lakini ilikuwa na kasoro iliyowaumiza mabinti hao hao. Kifungu cha 448 kilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kwa matendo ya kisheria yanayomfunga. Hospitali inapoandikiana deni na jamaa ya mgonjwa, aliyepo kando ya kitanda cha mama kwa kawaida ni binti. Aliweza kufua, kulisha na kukesha bila kuomba ruhusa, ila sahihi yake juu ya karatasi ya deni ilihitaji kibali cha mume. Hali hiyo ilidumu hadi marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016, sheria namba 16/008, yaliyoondoa sharti la idhini ya mume.

Miaka ya kukimbia

Sheria ya jamaa hudhani kwamba jamaa ipo mahali pamoja. Historia ya Goma tangu 1994 imekuwa historia ya jamaa kutawanywa.

Mwezi Julai mwaka huo watu wanaokaribia milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache, na kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu. Mwaka 1996 vita vya waasi wa AFDL vilifika mjini. Mwezi Agosti 1998 RCD ilianza uasi wake na kuifanya Goma makao yake hadi 2003, hivyo ofisi za mji zilikuwa upande mmoja wa mstari wa vita na wizara za Kinshasa upande mwingine. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wapatao 120,000 wakapoteza makazi. Kartie za magharibi, Keshero ikiwamo, hazikuzikwa, na mji ukazidi kupanuka upande huo. Mwezi Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia kwa siku chache. Mwezi Mei 2021 volkano ililipuka tena, na jeshi likaamuru sehemu kubwa ya mji ihame kwenda Sake, Rutshuru na kwingineko.

Kila mara mzee ndiye aliyekuwa mgumu kuhamishwa. Kila mara mtoto mmoja alibaki naye na wengine wakaenda, huyu Kampala, yule Kinshasa, mwingine Ulaya. Vita vikiisha, wengine hawakurudi. Jamaa iliyokuwa ikigawana usiku wa kukesha ikagawanyika kati ya wenye mikono na wenye fedha: aliye karibu anatoa mwili wake, aliye mbali anatoa dola zake. Na kwa kuwa hakuna kiwango cha kubadilisha usiku kuwa dola, kila upande hujiona umedhulumiwa.

Hospitali nazo hazikuweza kungoja. Serikali ikiwa inatoa kidogo mno, vituo vya afya vya Kongo vimeishi kwa malipo ya wagonjwa, na desturi ya kumzuia mgonjwa aliyepona hadi jamaa imalize kulipa imeenea nchini kiasi kwamba taasisi ya Chatham House ya London iliitaja Kongo katika ripoti yake ya mwaka 2017 juu ya jambo hilo. Mzee aliyezuiliwa hulipishwa pia siku za kuzuiliwa. Ndipo simu zinapopigwa usiku, na yule mwenye mshahara, awe wa kwanza au wa mwisho kuzaliwa, anakuwa mzee wa jamaa kwa nguvu ya fedha.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 iliingia tena Goma. Hospitali ya Kyeshero ilijaa majeruhi. Benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Aliyepokea mshahara au pensheni kupitia benki alilazimika kutafuta njia nyingine, na fedha taslimu zikawa adimu. Pesa ya simu ikabeba mzigo, na wakala akakata chake. Dola 50 zilizotumwa kwa ajili ya dawa za mama zilifika zimepungua, na aliyezipokea akaonekana mwongo mbele ya aliyetuma. Ndugu wengi wamegombana kwa tofauti iliyobaki mfukoni mwa wakala.

Anachokijua kaka wa Brussels

Inafaa kusikiliza upande wa pili wa simu. Nchini Ubelgiji, sheria ya tarehe 8 Julai 1976 iliunda ofisi za misaada ya jamii katika kila komini, zinazojulikana kama CPAS. Mzee asiyeweza kulipa nyumba ya wazee anaweza kusaidiwa na ofisi hiyo, na sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 98, inairuhusu ofisi kuwageukia watoto wake na kudai sehemu ya fedha kulingana na kipato chao. Kifungu cha 205 kilichofika Boma kiliendelea kuishi Ubelgiji pia. Mkongomani aliyeko Brussels anaweza kupokea barua ya CPAS kuhusu baba yake aliyezeekea huko na ujumbe wa WhatsApp kuhusu mama yake katika juma moja. Tofauti ni kwamba barua ya kwanza imepimwa na ofisi iliyokagua mshahara wake, na ujumbe wa pili umepimwa na mashaka ya ndugu.

Nchi nyingine zimechukua njia zao. Uingereza iliwafunga watoto kuwalipia wazazi maskini tangu sheria ya 1601, ikawafungua mwaka 1948. Tangu hapo ugomvi mkubwa huko ni kama nyumba ya mzee iuzwe kulipia matunzo yake. Ujerumani bado inadai watoto, ila tangu tarehe 1 Januari 2020 ni wale tu wenye kipato kinachozidi euro 100,000 kwa mwaka. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mahakama mwaka 2012 ilimwamuru mwana mmoja kulipa karibu dola 93,000 za nyumba ya wazee aliyokuwamo mama yake. Mahakama haikulazimika kwanza kuwatafuta mume wa mama huyo na watoto wake wengine; aliyepatikana mwenye uwezo ndiye aliyebebeshwa.

Afrika Mashariki nako njia nyingine imejaribiwa, ya kumpa mzee fedha iliyo yake. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi ya mshahara au hakufanya. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa wenye umri huo huo, shilingi 2,000 za huko. Ni kidogo, haitoshi kulipa msichana wa kazi. Hata hivyo mzee mwenye chake huingia kikaoni akiwa mchangiaji, na hilo hubadilisha jinsi watoto wanavyomzungumzia.

Kongo ilichagua kurekebisha mfuko wa wenye ajira. Sheria nyingine ya tarehe 15 Julai 2016 ilileta CNSS mahali pa INSS na umri wa kustaafu wa miaka 60 kwa wanaume na wanawake. Mchango wa pensheni ni asilimia 10 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi: kwa mshahara wa dola 200, dola 20 kila mwezi. Kwa mwenye mkataba ni hatua. Lakini Goma huishi kwa soko, pikipiki, chukudu za mbao za kubebea mizigo, uvuvi na biashara ya mpakani. Mama aliyeuza samaki wadogo waitwao fretini na maharagwe katika soko la Virunga kwa miaka 30 hakuwa na mwajiri wa kumchangia, kwa hiyo hayumo kwenye daftari la mtu yeyote isipokuwa la likelemba, kikundi cha kuchangiana akiba kwa zamu.

Kikao kikiwa na kipimo

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema mambo mawili ambayo yanafaa kusomwa pamoja. Kifungu cha 40 kinawapa watoto wajibu wa kuwasaidia wazazi. Kifungu cha 49 kinawapa wazee haki ya hatua maalumu za ulinzi. La kwanza linatekelezwa kila siku katika Keshero, kwa ugomvi au kwa amani. La pili limebaki zaidi kwenye karatasi. Umoja wa Afrika nao ulipitisha itifaki ya haki za wazee tarehe 31 Januari 2016, na ilianza kufanya kazi Novemba 2024. Mpaka haki hizo zipate bajeti, deni lote linabaki ndani ya jamaa.

Ikiwa ndivyo, basi jamaa ina faida moja ya kuchota kutoka kwenye safari hii ndefu. Kanuni inayotajwa na mkubwa wa kikao, kugawa kwa tano, haimo katika sheria. Haikuwamo Paris mwaka 1804 wala Kinshasa mwaka 1987, na desturi ya zamani haikuijua pia, kwa sababu hakuna ukoo uliomtaka mwenye mbuzi mmoja atoe sawa na mwenye ng'ombe kumi. Kugawa sawasawa ni uvumbuzi wa karibuni wa watu waliochoka kuaminiana. Huonekana haki kwa kuwa ni rahisi kuhesabu, na humfaa zaidi mwenye nacho.

Jamaa inayoepuka kufika mahakamani hufanya kazi ambayo hakimu angeifanya. Kwanza huandika haja ya mzee kwa mwezi: dawa, chakula, msaidizi, usafiri wa kliniki. Kisha kila mtoto husema kipato chake, jambo gumu kuliko yote. Usiku na kazi ya anayeishi na mzee huwekewa thamani, hata ndogo, na kuhesabiwa kama mchango wake. Makato ya wakala huandikwa kuwa gharama, ili asishukiwe mpokeaji. Makubaliano hutiwa sahihi na wote, shahidi wa nje, awe shefu wa kartie au mchungaji, naye akiweka yake, na nakala hutumwa kwa aliye mbali. Karatasi hiyo ina thamani mara mbili: mama akiwa hai inaonyesha nani alipe nini, na siku ya kugawa parseli, mtu akitaja kifungu cha 765, inaonyesha nani alikuwapo. Inafaa iandikwe mapema, mama angali na kauli, kwa maana yeye ndiye anayejua vizuri kuliko wote nani kati ya watoto wake hana, na nani anajifanya hana.